Doria ya usiku inaanzia kwenye daftari la mchana

Wizi ukipamba moto, mkutano wa mtaa hujaa. Watu ambao mwaka mzima hawajui hata ofisi ya serikali ya mtaa ilipo hufika mapema na kukaa viti vya mbele, na wote wanataka jibu la swali moja: doria inaanza lini? Majina ya vijana yanaandikwa, kiwango cha mchango kinapitishwa kwa kunyoosha mikono, filimbi na kurunzi zinanunuliwa. Miezi miwili mitatu mambo yanakwenda. Kisha wizi unapungua, wachangaji nao wanapungua, vijana wanaanza kupeana udhuru, na siku mtu anapopiga kelele usiku wa manane ndipo tunagundua kwamba doria ilishakufa zamani na hakuna aliyetangaza.

Naishi pembezoni mwa Dar es Salaam na mzunguko huu nimeushuhudia zaidi ya mara moja. Maelezo tunayopeana kila mara ni yale yale: vijana wa siku hizi hawapendi kujitolea, wananchi wagumu kutoa hela, polisi wako mbali. Yote yana ukweli kidogo. Lakini naamini doria zetu zinakufa kwa sababu tunaziwazia usiku tu. Kinachoiweka doria hai ni kazi ya mchana: kujua nani anakaa wapi, kusoma hesabu mbele ya watu, kufuatilia taa iliyoungua kwenye uchochoro, kuongea na mnunuzi wa chuma chakavu. Kazi hiyo inaangukia mabega ya mwenyekiti na wajumbe wake, karibu bure, na sisi wananchi hatuihesabu kuwa ni ulinzi hata kidogo.

Zamani kujua watu ilikuwa kazi ya mtu maalumu. Nyumba kumi kumi za TANU, chama tawala cha wakati ule, zilizoenea nchini katikati ya miaka ya 1960, zilimpa balozi, yaani kiongozi wa kila nyumba kumi, jukumu la kuwafahamu watu wake. Mgeni akilala kwako, balozi anaambiwa. Mfumo ule ulikuwa wa chama kimoja na ulikuwa na ubaya wake, maana balozi aliyemjua mgeni wako aliyajua pia uliyosema kilabuni. Vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992, mabalozi walibaki kuwa wa CCM, na mambo ya serikali yakabaki kwa wenyeviti wa vijiji, vitongoji na mitaa. Kijijini hilo halikuleta shida kubwa kwa sababu watu wanafahamiana hata bila daftari. Mjini, mwenyekiti mmoja na wajumbe wachache wanaachiwa maelfu ya watu, wengi wao wapangaji wanaohama kila mwenye nyumba anapopandisha kodi.

Sungusungu, wale walinzi wa jadi wa vijijini, nao tunawakumbuka nusu nusu. Walianzia Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati ng'ombe wanaibwa kwa bunduki na dola iko mbali. Nguvu yao ilikuwa kwamba kila kaya ilikuwa ndani, na asiyeitikia yowe alitozwa faini au alitengwa na wenzake. Mwaka 1989 sheria ya mgambo ikawatambua, na muda si mrefu Augustine Mrema, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akahimiza sungusungu hadi mijini. Mjini hawakushika mizizi vile. Mfugaji wa Kahama alimjua ng'ombe wa jirani yake kwa rangi na pembe. Sisi tunakaa nyumba moja vyumba sita na jina la mtu wa chumba cha tatu hatulijui. Wala tusiwasifie kupita kiasi. Kuna mahali sungusungu walitesa watuhumiwa na kuwaandama vikongwe kwa madai ya uchawi. Nguvu ya watu isiyo na wa kuihoji hufika huko.

Katika mtaa wetu kulikuwa na kipindi mita za maji zinang'olewa kila wiki. Unaamka asubuhi, maji yanamwagika barabarani, mita haipo, na bado unatakiwa ugharamie nyingine. Mwito ukawa ule ule: doria iongezwe. Vijana wakakesha, mita zikaendelea kupotea, kwa sababu kung'oa mita ni kazi ya dakika mbili na uchochoro una milango mitatu ya kutokea. Aliyeimaliza shida ile ni mjumbe mmoja, mama anayeamkia Feri kuchukua samaki na kuwauza mtaani kwa beseni. Alimwambia mwenyekiti, "Mzee, mita hailiwi. Kuna anayeinunua." Wakaongozana mchana kweupe kwa wanunuzi wote wa chuma chakavu wa mtaa wetu na mtaa jirani, wakakubaliana kila anayeleta shaba aandikwe jina na namba ya simu, na mita nzima isipokelewe kabisa. Hakukuwa na fimbo wala kelele, na hao wanunuzi walikubali kwa sababu nao hawataki kupelekwa kituoni. Wizi wa mita ukapungua hadi tukausahau.

Mama huyo ndiye mwenye daftari. Ni kaunta buku kubwa lenye jalada gumu, amelifunika kwa karatasi ya kalenda ya zamani. Ndani amepiga mistari kwa rula: jina, simu, ametoka wapi, chumba cha nyumba ya nani, watoto wangapi, nani wa kumpigia akipatwa na jambo. Safu hiyo ya mwisho aliiongeza mwenyewe. Mpangaji mpya akija, mwenye nyumba anatakiwa ampeleke kwake ndani ya siku chache, na asipompeleka mama atamfuata, mara nyingi akiwa na beseni kichwani. Anajua nyumba ipi ina mzee anayeishi peke yake, ipi ina mtoto mwenye kifafa, ipi baba akilewa mke na watoto hulala kwa jirani. Mambo hayo ni usalama sawasawa na wizi. Kwa watoto, namba 116 ya kupokea taarifa za ukatili ameiandika kwa kalamu nene mlangoni pake.

Daftari hilo lilionyesha thamani yake usiku mmoja, karibu saa nane. Ujumbe wa sauti uliingia kwenye kundi la WhatsApp la mtaa: kuna wanaume wanne uchochoroni, wana mabegi makubwa, wanagonga mageti. Majibu yakamiminika. Mmoja akaandika "ndio wao". Mwingine, "msiwaachie". Filimbi zikalia, na waliotoka hawakuwa vijana wa doria peke yao. Walitoka watu na nondo na mapanga, wengine vifua wazi, wengine hawakujua hata kilichosemwa, wamesikia filimbi tu. Sote tunajua yanayofuata hapo. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiyaandika katika taarifa zake mwaka hadi mwaka: watu waliouawa na kundi la wananchi kwa neno moja tu, mwizi.

Mama hakuandika chochote kwenye kundi. Alimpigia simu kiongozi wa doria: "Mwanangu, hao ni wadogo zake marehemu wa pale nyumba ya kijani. Wametoka Songea, basi liliwaharibikia njiani. Wapeleke msibani." Alijua kwa sababu jioni ile alikuwa msibani akiandika rambirambi, akasikia ndugu wako njiani. Kijana akawahi, akasimama katikati ya watu na wale wageni, akasema kwa sauti marehemu ni nani na hawa ni nani kwake. Nilikuwepo. Mapanga yalishuka polepole, mtu mmoja akaanza kuwaambia poleni na msiba, na wengine wakabeba mabegi yao mpaka kwenye turubai. Mmoja wa wale wageni alikuwa anatetemeka kiasi cha kushindwa kushika kikombe cha chai alichopewa.

Tangu usiku ule, kila ninaposikia watu wanataka "doria kali" huwa nauliza nani atakuwa anajua watu. Sheria zetu zinamruhusu raia kumkamata mtu aliyemkuta akitenda kosa kubwa, na zinamtaka amkabidhi polisi bila kuchelewa. Hazimruhusu kumwadhibu hata kwa kofi moja. Kijana wa doria anapaswa kufundishwa hilo siku ya kwanza kabla hajapewa kirungu, na mwenye wajibu wa kuja kumfundisha ni polisi kata. Siku hizi Jeshi la Polisi limewapeleka wakaguzi kwenye kata, na hilo ni jambo jema. Basi namba ya mkaguzi ibandikwe ofisini na iwe kwenye simu ya kila mlinzi, naye ahudhurie mkutano wa mtaa hata pale ambapo hakuna tukio.

Sasa niseme la fedha, maana ndipo ulinzi shirikishi mwingi unapozikwa. Mchango wa elfu moja au elfu mbili kwa mwezi si mkubwa kwa kaya nyingi. Watu wanaacha kuchanga pale wasipoona hela inakwenda wapi. Katika mtaa niliokaa kabla ya huu, mapato na matumizi hayakusomwa mpaka nikahama, na kila aliyeuliza aliambiwa anapinga maendeleo. Doria yao ilikufa haraka. Hapa kwetu mhasibu wa kamati ya ulinzi anatoa stakabadhi yenye nakala, hata kwa anayetoa mia tano, na kila mwisho wa mwezi karatasi ya hesabu inabandikwa kwenye ukuta wa ofisi: zilizoingia, posho za vijana, betri za kurunzi, makoti ya reflekta, kilichobaki. Mwezi ambao pesa ilipungua, karatasi ilisema imepungua kwa kiasi gani na kwa nini. Wachangaji waliongezeka baada ya karatasi ile.

Nafahamu kwa nini wengi hawawaamini viongozi wa mtaa. Barua ya utambulisho inaombewa "hela ya karatasi", kiwanja kikiuzwa kuna asilimia inadaiwa na haionekani ilikokwenda. Hayo siyatetei. Lakini tuitazame kazi yenyewe. Mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa, ana mshahara. Mwenyekiti anapata posho inayotegemea halmashauri yake ina nini, wajumbe mara nyingi hawapati kitu, na sote tunawagongea mlango saa saba usiku: dhamana kituoni, mgogoro wa mpaka, mke kafukuzwa, mtoto kapotea. Ukimwachia mtu mzigo huo bila malipo yanayoeleweka, unawabakiza wa aina mbili, wenye moyo wa kipekee na wenye njia zao za kujilipa. Ningependa halmashauri ziwalipe posho inayojulikana, inayofika kwa wakati, kisha tuwabane vilivyo kwenye hesabu.

Na kuna uchaguzi. Mwaka 2019 vyama kadhaa vya upinzani vilijitoa katika uchaguzi wa serikali za mitaa, na ule wa Novemba 2024 ulitanguliwa na malalamiko mengi ya wagombea kuenguliwa. Wanasiasa watalijadili hilo kwa namna yao. Mimi naliona kwenye filimbi. Mtu anayeamini kwamba mwenyekiti aliwekwa tu, hakuchaguliwa, hatampeleka mpangaji wake kuandikwa na hatatoka ndani filimbi ikilia. Daftari la wakazi linahitaji watu waamini kwamba halitapelekwa kwenye ofisi ya chama. Wakenya, walipoanzisha Nyumba Kumi yao mwaka 2013 baada ya shambulio la kigaidi kwenye jengo la maduka la Westgate, Nairobi, kwa kufuata mfano wa kwetu, walikutana na hofu hiyo hiyo ya majirani kugeuzwa wapelelezi. Kwa hiyo mjumbe wetu ana kanuni yake: daftari halipigwi picha, halitoki nyumbani kwake, na anayetaka kujua habari za mtu lazima aje na mwenyekiti na aseme sababu.

Vijana wenyewe nimewaacha mwisho ingawa wao ndio wanaolowa mvua. Wa kwetu wengi ni bodaboda na mafundi ujenzi, wanakesha mara mbili kwa wiki na asubuhi wanarudi kazini. Mwaka 2022, Panya Road, yale magenge ya vijana wenye mapanga, walipovamia nyumba usiku sehemu kadhaa za jiji na mkoa ukaagiza ulinzi shirikishi ufufuliwe, watu walitaka vijana kama hawa wajae barabarani kesho yake. Hakuna aliyeuliza wakikatwa panga nani atawatibu. Mmoja wa kwetu alijeruhiwa mkono akizuia mtu kuruka ukuta, akashonwa kwa hela ya mchango wa dharura uliokusanywa kwa kupitisha kofia, na alikaa wiki kadhaa bila kuendesha pikipiki yake. Familia yake ilikula nini siku hizo ni majirani wawili watatu wanaojua.

Mkutano wetu ujao nitaomba jambo moja liingie kwenye ajenda kabla ya jambo lolote la kuongeza doria: sehemu ya mchango wa kila mwezi ikate kadi ya bima ya afya kwa kila kijana anayelinda, na majina yao yasomwe pamoja na hesabu. Taa mbili za uchochoro wa nyuma ya kanisa nazo hazijawaka tangu masika, na barua ya kwenda TANESCO ipo mezani kwa mtendaji. Nimejitolea kuipeleka mwenyewe Jumatatu.