Simu iliyolazwa kifudifudi

Juzi Jumanne, Machi 2, 2021, Othman Masoud alipoapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, nilikuwa Pemba, barazani kwa ami yangu. Kijana mmoja akapata video ya kiapo kwenye simu yake na kumpa ami atazame. Ami akaishika, akaiangalia kidogo, kisha akailaza kifudifudi juu ya jamvi na kuchukua kikombe chake cha kahawa. Hakusema kitu.

Kijana hakupenda. Naye ni wa chama cha ACT-Wazalendo, kama sote tuliokuwa pale. Akasema wazee mna chuki, mnakirudisha chama nyuma, na kama mnampenda marehemu kiongozi wetu Maalim Seif kweli basi mngefuata alichokiamua, chama kuingia serikalini pamoja na CCM. Ami akamjibu kwa upole: "Mwanangu, mimi sijakikataa chama. Nimeikataa simu yako."

Tangu siku ile sijatulia. Mitandaoni nako nasoma yale yale: anayeuliza swali kuhusu SUK, yaani hiyo Serikali ya Umoja wa Kitaifa, anaitwa mkaidi, anayeikubali anaitwa msaliti. Nataka kusema nilipo, na kwa nini ami yangu anastahili jibu la heshima.

Mimi naunga mkono kuingia. Niliunga mkono Desemba 2020 Maalim Seif alipoapa kushika kiti hicho hicho, na nimeunga mkono tena sasa, baada ya yeye kufariki nasi kumzika kule Mtambwe, chama kilipoamua kubaki. Naunga mkono kwa sababu nimeonja kukaa nje. Oktoba 2015 uchaguzi ulifutwa matokeo yakiwa bado yanatangazwa. Tukaitwa kurudia Machi 20, 2016, CUF, chama chetu cha wakati ule, ikasusia, na mimi nikabaki nyumbani siku ile nikiamini kabisa kwamba kutokwenda kwangu kutasikika. Dk. Shein wa CCM akatangazwa mshindi wa urais kwa asilimia 91.4. Hakuna chama kingine kilichofika asilimia 10 ya kura za urais ambayo Katiba inaitaka, hivyo kiti cha Makamu wa Kwanza kikakaa kitupu hadi uchaguzi uliofuata. Baraza la Wawakilishi likakaa bila sisi. Bajeti zikapita, sheria zikapita, na sisi tukabaki na ususiaji wetu.

Wanaosema kukaa nje ni heshima, nawaomba wakumbuke miaka ile ilivyokuwa mitaani na si kwenye hotuba. Binamu yangu alikuwa anatafuta ZanID, kitambulisho cha Mzanzibari. Nilikuwa nikimsindikiza. Wilayani wanasema rudi kwa sheha wa mtaa wako, sheha anasema jina lako halimo kwenye daftari langu nenda wilayani, na yeye kazaliwa pale pale, kitovu chake kimezikwa nyuma ya nyumba ya bibi yetu. Bila ZanID huandikishwi kupiga kura. Zamani ungemwendea mwakilishi wako, akainuka Barazani akauliza, waziri akalazimika kujibu hata kama jibu lenyewe bovu. Miaka ile hatukuwa na wa kumwendea. Binamu yangu aliacha kufuatilia, na uchaguzi wa 2020 ukampita akiwa hana karatasi. Heshima ya kususia haikumsaidia kitu yule, na yeye ndiye tuliyesema tunasusia kwa ajili yake.

Najua Makamu wa Kwanza hana mamlaka makubwa. Anamshauri Rais, na shughuli za serikali Barazani zinaongozwa na Makamu wa Pili. Najua pia wizara ambazo Rais, Dk. Mwinyi, alituachia wazi Novemba 2020 ni mbili tu. Ni kidogo. Lakini ni zaidi ya kiti kitupu.

Na kuna jambo linaloniudhi kwa pande zote mbili. Upande mmoja unasema tumepewa, mwingine unasema tumejipeleka kuomba. SUK haikutoka mfukoni mwa mtu. Karume, Rais wa Zanzibar wa wakati ule, na Maalim walikutana Ikulu Novemba 2009, lakini mwenye kuamua alikuwa mwananchi: Julai 31, 2010 tulipiga kura ya maoni, na asilimia 66.4 tukasema ndiyo. Ami alikuwa kwenye foleni kabla jua halijachomoza, amevaa kanzu ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumamosi. Mtu aliyevaa kanzu yake nzuri kwenda kuipigia kura serikali ya pamoja leo anaambiwa haielewi serikali ya pamoja. Inaniuma. Na viongozi wetu waliomo ndani wakae mle kama wenye haki, waseme kwa sauti, wasikae kama wageni wanaoogopa kumuudhi mwenye nyumba.

Kuhusu Othman Masoud mwenyewe sina neno baya. Aliyepoteza Uanasheria Mkuu wa Zanzibar mwaka 2014 kwa sababu ya kura yake ya hapana kwenye Bunge Maalumu la Katiba kule Dodoma hahitaji kuthibitisha kwangu kwamba ana msimamo.

Basi ami anataka nini?

Uchaguzi ulikuwa Oktoba 28, 2020. Maalim aliapa Desemba 8. Ni siku 41. Kuna nyumba hapa Pemba ambazo siku ile ndiyo kwanza zilikuwa zimemaliza kusoma arubaini za watu wao waliouawa siku za uchaguzi. Kamati Kuu ya chama ilikaa, ikaamua tuingie, ikatoa tamko, na nakubali kwamba chama lazima kiwe na mahali pa kuamulia na kwamba mkutano wa hadhara wakati ule ulikuwa mgumu. Nakubali pia kwamba Maalim, aliyewahi kuwekwa ndani tangu 1989 hadi 1991, hakuhitaji kufundishwa na yeyote maana ya kuumizwa. Yeye peke yake angeweza kuwaambia wafiwa wale "subirini" na wakasubiri, kwa sababu walimjua. Sasa hayupo. Imani ile waliyompa yeye hairithiwi na ofisi.

Nyumba ya tatu kutoka kwa ami yupo mama ambaye mumewe alipigwa risasi usiku wa kuamkia kura ya mapema. Yumo edani. Nilipokwenda kumsalimia nilizungumza naye kupitia pazia la mlango. Hakuuliza kuhusu Katiba. Aliuliza kama serikali hiyo ambayo watu wetu wamo sasa itamwambia nani aliyempiga mumewe, na kama hapana, kwa nini hakuna hata mmoja wa chama aliyekuja kukaa kwenye mkeka wake kumwambia hapana. Sikuwa na la kumjibu. Nilimwombea dua nikaondoka.

Tamko la Kamati Kuu halisomwi kwenye mkeka ule. Anatakiwa mtu, mwenye jina, avue viatu, aketi, aseme: tumeingia kwa sababu hizi, hili tumeliomba, hili tumenyimwa. Akitukanwa, avumilie. Hilo halihitaji kibali cha Rais wala wizara, na lilitakiwa lifanyike kabla ya Desemba 8.

Eda ya mama yule inakwisha siku chache zijazo. Kutoka Wete hadi nyumbani kwake hata saa nzima kwa gari haifiki. Ami amesema siku hiyo atakuwepo kwenye mkeka, na ataacha nafasi pembeni yake.