Rundo la Jasi Nyuma ya Tangi la Asidi

Wanaobeza uchachushaji wa mfululizo katika kutengeneza asidi laktiki, ile inayoupa mtindi ukali wake, wana hoja nzito. Tangi la mkupuo, lile linalojazwa mara moja, huachwa mpaka sukari ikaribie kuisha, na mchuzi wake huweza kuwa na gramu 100 za asidi kwa lita. Tangi la mfululizo, ambamo sukari huingia na mchuzi hutoka bila kukoma, likitoa gramu 40, kila kilo ya asidi itakuwa imezama katika lita 25 za mchuzi badala ya 10, na maji yote hayo hutolewa kwa nishati ya kulipia. Isitoshe, mchuzi ukitoka kwa kasi inayoushinda uzazi wa bakteria, wote husombwa.

Lakini hesabu hiyo hukomea tangini. Mwenye kibuyu cha mtindi anajua kwamba maziwa hufika mahali yakaacha kuzidi ukali, kwa kuwa asidi huwalemea bakteria walewale walioitengeneza. Kwa desturi viwanda huwapunguzia bakteria ukali huo kwa chokaa, kisha humimina asidi salfuriki ili kuitoa asidi laktiki katika chumvi yake. Kikemia, tani moja ya asidi laktiki hudai kilo 411 za chokaa iliyozimwa na kilo 544 za asidi salfuriki, na huacha kilo 956 za jasi. Karibu tani kwa tani! Kiwanda hununua malighafi mbili ili zigeuke rundo, tena rundo lenye masalia ya mchuzi, ambalo mwenye kiwanda cha saruji hatalipokea kama jasi safi ya mgodini.

Katika mfululizo, utando wa kuchuja huwazuia bakteria wasitoke, hivyo tangi dogo hufanya kazi ya kubwa. Mchuzi uliochujwa hupita kwenye tando za umeme, ambako laktati ya sodiamu, yaani chumvi ya asidi laktiki, hugawanyika kuwa asidi na sodiamu haidroksaidi, nayo hii hurudi tangini kufanya kazi ya chokaa. Ni kweli tando hizo zinaweza kufungwa hata nyuma ya mkupuo, ila mkupuo huleta mafuriko kisha ukame, ilhali tando hupenda mtiririko wa kiwango kimoja. Ni kweli pia kwamba huziba, na kwamba kalsiamu na magnesi lazima ziondolewe kwanza. Penye umeme ghali na ardhi tele ya kumwaga jasi, mkupuo utaendelea kuonekana nafuu, maadamu gharama ya rundo hailipwi na mwenye tangi.