Wazee wa kanisa Lubumbashi: tuwaige katika lipi?

Hakuna mwaka unaopita Lubumbashi, mji wetu wa migodi huku Katanga, Kongo, bila mahubiri ya kuwaambia vijana wawaige wazee. Andiko ni lile lile, barua kwa Tito sura ya pili: wazee wa kiume wawe na kiasi, wawe wastahivu, wazee wa kike wafundishe mema na kuwatia akili akina mama vijana. Mhubiri akitua, baba mmoja kwenye viti vya mbele anaitika amina ya kusikika hadi mlangoni. Vijana wa korali wameinamia simu. Nje, baada ya baraka, wana maneno yao: wazee gani? Hawa waliotuachia mji wenye mashimo na nchi isiyolipa walimu?

Swali hilo lina jeuri ndani yake, lakini si la kupuuzwa. Mimi niko katikati kwa umri. Wazee bado wananiita kijana, na vijana wameanza kuniita papa, yaani baba, kwa hiyo manung'uniko ya huku na huku yananifikia. Ninavyoona, wazee wetu wana jambo kubwa la kufundisha, ila lile kubwa ndilo wanaloficha. Wanatupa lingine badala yake, ambalo maisha ya sasa hayana mahali pa kuliweka.

Tuanze na haki yao, maana siku hizi inasahaulika haraka.

Mkristo mwenye miaka 70 hapa mjini alizaliwa Lubumbashi ikiitwa bado Élisabethville. Alikuwa mtoto Katanga ilipojitenga, kati ya 1960 na 1963. Alikuwa kijana mwaka 1972, Rais Mobutu alipokataza majina ya Kikristo na kufunga vyama vya vijana vya kanisa ili vijana wote wawe wa JMPR, tawi la vijana la chama chake. Hakuwa na kambi ya vijana wala semina ya mwisho wa juma. Imani aliipokea kwa mama yake jioni na kwa katekista mwenye baiskeli. Aliyebatizwa Yosefu alipewa jina lingine kwenye kitambulisho, na kwa mama yake akabaki Yosefu.

Kisha akaingia Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, akaiona ikianguka. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, uzalishaji wa shaba ukashuka hadi sehemu ndogo ya ule wa awali, mishahara ikaanza kuchelewa kwa miezi. Mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioungwa mkono na Benki ya Dunia, wakapewa fedha ya mara moja na kwaheri. Kwa wengi fedha ile haikumaliza mwaka. Nyumba zikabebwa na akina mama: makaa, mikate, unga wa kupima kwa kopo katika soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini. Na Jumapili mtu yule alikuwa palepale kwenye kiti chake, suti ile ile, viatu vimepakwa rangi. Mtu aliyeendelea kusali baada ya mshahara kukatika anajua kitu ambacho mhubiri wa miaka 28, hata awe na kipaza sauti kizuri namna gani, bado hajakutana nacho.

Hapa ndipo hoja ya wazee inaposhika kweli. Waebrania 13:7 inasema tuwakumbuke waliotuongoza, na «kwa kuchunguza sana mwisho wa mwenendo wao, iigeni imani yao». Mwisho wa mwenendo! Kijana hana mwisho wa kuonyesha bado, ana mwanzo tu. Mhubiri wa kanisa la uamsho anayetuambia kwamba gari lake ni ushuhuda, tungojee tuone miaka thelathini. Mjane aliyelea watoto sita bila kumwacha Mungu na bila kuwaibia watu, huyo hatuna haja ya kumngojea.

Sasa upande wa pili, na hapa nitakaa zaidi kidogo.

Wazee wanaposema «tuigeni», mara nyingi wanatuonyesha nini? Kufika kabla ya saa, shati jeupe, kuoa mapema na kutulia, kutojibizana na mkubwa. Hayo ni mema. Lakini tuangalie yalikotoka. Tangu miaka ya 1920 Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyochimba shaba kabla ya Gécamines, ilitaka mfanyakazi mwenye mke, anayekaa kambini miaka mingi badala ya kurudi kijijini. Kampuni ikatoa nyumba, posho, hospitali, na shule walizoziendesha wamisionari. Ndipo watu wakasema kampuni ni baba na mama. Baba mwema wa kanisa na mfanyakazi mwema wa kampuni wakawa mtu mmoja, na hadi leo si rahisi kumwambia mzee wa mtaa wa Katuba au wa Kamalondo kipi alifundishwa na Injili na kipi alifundishwa na king'ora cha saa kumi na mbili.

Kampuni imekwenda, na mashauri yake yamebaki. «Tafuta kazi, oa, tulia.» Kazi ipi? Kijana wa leo anachimba kwa mikono kwenye machimbo karibu na Likasi, au anaendesha pikipiki ya kukodi, au ana shahada na anauza vocha za simu. Mahari anayoombwa, tena na wazee hao hao wa kanisa wanapokaa upande wa ukoo, haiwezekani kwa mapato hayo. Kijana anaishi na mchumba bila ndoa, anaondolewa kwenye korali, na aliyeandika mahari ile anapokea Ekaristi. Sisemi kijana hana kosa. Nasema hesabu imefanywa upande mmoja.

Halafu kuna rushwa. Mwaka 1976 Askofu Mkuu wa Lubumbashi, Eugène Kabanga, alitoa barua ya kichungaji yenye jina la Kifaransa «Je suis un homme», yaani mimi ni mtu. Mobutu alikuwa kwenye kilele cha nguvu zake, na barua ile ilisema wazi jinsi tamaa ya pesa ilivyokuwa imekula nchi. Waliosomewa ndio wenye miaka 70 na 80 leo. Wapo walioishika, nami nawajua wachache waliostaafu maskini kwa sababu yake. Wengine waliitikia amina na Jumatatu wakarudi ofisini kufanya kama kawaida. Kijana anayeombwa «kitu kidogo» ili karatasi yake isogee, tena na mtu aliyekaa naye kanisani siku iliyotangulia, atakwambia Tito amekwisha msikia.

Lakini lililo zito kuliko yote haliko kwenye mahubiri yoyote. Mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai, jimbo jirani, walifukuzwa miji ya migodi ya Likasi na Kolwezi. Babu zao wengi walikuwa wameletwa na Union Minière na reli. Nyumba zilichukuliwa, familia zikalala kwenye vituo vya treni kwa majuma wakingoja behewa, na watoto na wazee walikufa hapohapo. Waliofukuza walikuwa Wakristo, na waliofukuzwa walikuwa Wakristo. Walioshiriki kwa mikono wengi walikuwa vijana wa wakati ule waliochochewa na wanasiasa, na vijana wale leo wana miaka hamsini na zaidi. Baadhi ni mashemasi.

Niliwahi kukaa kwenye jioni ya ushuhuda ya vijana, Katuba. Mzee mmoja, mfanyakazi wa zamani wa Gécamines huko Likasi, alikuwa ameeleza vizuri jinsi Mungu alivyomlinda maisha yote. Ulipofika wakati wa maswali, binti mmoja wa korali akasimama, mikono nyuma, kwa adabu kabisa: «Papa, aksanti. Mu 92 ulikuwa wapi?» Mwongozaji akataka kukatisha. Mzee akamwonyesha kwa kiganja aache. Akakaa kimya kidogo, akasema: «Nilikuwa ku nyumba, mama. Jirani alikuya kugonga ku mulango. Shikumufungulia.» Akaeleza kwamba jirani yule walikuwa wakiimba pamoja sauti ya besi, na kwamba tangu siku ile hajawahi kuimba besi. Hakusema alikuwa na sababu, ingawa sababu alikuwa nazo, maana aliyefungua mlango aliweza kuchomewa nyumba. Vijana waliokuwa wakichezea simu walikuwa wameziweka chini. Ushuhuda wa ulinzi wa Mungu uliotangulia hakuna aliyeuuliza tena. Juma lililofuata, vijana watatu walikwenda kwake nyumbani bila kutumwa na mtu.

Ndiyo maana nasema lile kubwa linafichwa. Kijana hahitaji mzee asiye na doa, kwanza hatamwamini. Anahitaji kujua mtu aliyeshindwa anarudije kwa Mungu, analipaje, anaishije baadaye na jirani wa aina ile. Hilo kwenye simu halipo, na mhubiri mwenye miaka 28 hawezi kulitunga.

Najua jibu la wazee, nami silidharau. Biblia ina Hamu aliyeuona uchi wa baba yake akaenda kuwaambia ndugu zake nje, na Shemu na Yafethi waliotembea kinyumenyume na vazi ili wamfunike. Mila zetu zinawaunga mkono: mtoto hamfunui baba. Kuna na hatari ya leo. Maneno baina ya Wakatanga na Wakasai hayajaisha hapa mjini, na ushuhuda mmoja ukirekodiwa kwa simu na kukatwa katikati unaweza kuwasha moto kabla ya ibada ya jioni. Kwa hiyo sitetei mzee alazimishwe kusema kwenye kipaza sauti. Yule wa Katuba aliulizwa na watu waliokaa karibu, akajibu kwa hiari. Tofauti na Hamu ni kwamba hapa baba mwenyewe ndiye aliyelishika vazi.

Wanaosema mfano ni wa umri tu nao wajibiwe. Methali inasema penye wazee haliharibiki neno, lakini nyumba ya kuhani Eli iliharibika yeye akiwa mzee palepale, anajua wanayofanya wanawe, na neno la Bwana likapelekwa kwa mtoto Samweli. Paulo anamwagiza Timotheo, kijana, awe kielelezo kwa waaminio, na barua hiyo haisemi «waaminio walio wadogo kwako». Kwetu Kongo ushahidi ni mwingi kuliko huo. Mtawa Anuarite aliuawa Isiro 1964 hajatimiza miaka 25. Floribert Bwana Chui, mkaguzi wa bidhaa huko Goma, alikataa pesa ili asipitishe mchele ulioharibika, akauawa Julai 2007 akiwa na miaka 26, na alitangazwa mwenye heri Juni 2025. Hapa ni wazee wenye vitambulisho vya ofisi wanaopaswa kumwiga kijana, tena katika jambo lile lile barua ya 1976 ililowaomba.

Hata hivyo Timotheo hakuota mwenyewe. Imani yake, Paulo anasema, ilikaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Na sisi wa Katanga tulikwisha kuwa na njia yetu ya jambo hili, kwa Kiswahili, kabla ya semina zote za leo. Njia hiyo ni Jamaa, harakati ya Wakatoliki iliyoanza miaka ya 1950 katika miji ya migodi, pamoja na Mfransisko Mbelgiji Placide Tempels aliyekuwa Kolwezi. Mume na mke waliokomaa, baba na mama, waliwapokea wenzao wapya nyumbani na kuwafundisha uzima, uzazi na mapendo kwa hatua, hadi nao wawe wazazi wa wengine kiroho. Hakuna kiti cha mbele, kuna meza ya nyumbani. Nguvu yake ilikuwa ukaribu huo, na udhaifu wake ulitoka hapohapo: mafundisho ya siri, utii kwa baba na mama usiohojiwa, vikundi vilivyoshutumiwa kupotoka hadi maaskofu wakaingilia kati miaka ya 1970. Anayetaka leo kuwapa kila kijana «mlezi wa kiroho» aisome historia hiyo kwanza. Ukaribu bila ruhusa ya kuuliza maswali unazaa watumwa wacha Mungu, na makanisa ya uamsho yanaturudishia somo hilo kila mwezi.

Ningeanzia kwenye ndoa. Tayari tunawaweka wachumba chini ya mume na mke wakubwa, na kikao kinaisha kwa ushauri wa uvumilivu na bei ya sherehe. Mume na mke hao waseme walivyoishi miezi ile bila mshahara: nani alikasirika, nani aliuza nini, nani alitoka usiku. Na wakiwa walikaa kwenye meza ya mahari ya jirani, waseme kiasi gani waliandika.

Limebaki jambo moja ambalo wahubiri hawaligusi, nalo ni njaa. Wazee wengi niliowataja hawana pensheni ya maana. Wanasubiri mfuko wa unga kutoka kwa mtoto aliye Afrika Kusini, na asipotuma, kutoka kwa mchungaji. Mzee anayekula kwa mkono wa mchungaji hawezi kumuuliza gari limetoka wapi, na vijana waliokuwa wakimtazama yeye wanamhamia mwenye gari. Parokia na jumuiya zetu huchanga vizuri sana kwenye matanga, jeneza, viti vya kukodi na chakula cha siku tatu. Nusu ya mchango huo ukiingia kwenye sanduku la wazee wakiwa hai, likashikwa na waumini wenyewe wala si na mchungaji, tutakuwa na watu wachache hapa mjini wanaoweza kusema hapana kanisani bila kuogopa kulala njaa.