Kukata alama kwa jibu lisilo sahihi: tunapima uwezo au ujasiri?

Chukua mtihani wa kupima uwezo wenye maswali 100, kila swali na majibu matano ya kuchagua. Mtahiniwa anayajua 60 kwa hakika. Akibahatisha 40 yaliyobaki, kwa wastani atapata 8 zaidi, asomeke 68. Ndiyo sababu ya kanuni ya kukata robo alama kwa kila kosa: makosa 32 yanaondoa 8, tunarudi kwenye 60 zake za haki.

Wanaoitetea wana hoja nzito. Anayebahatisha leo anaweza kupata 5, kesho 11. Alama zinazoyumba hivyo hupunguza uthabiti wa mtihani, yaani mtu akipimwa tena asipate matokeo ya mbali na ya kwanza. Akiogopa kubahatisha, sehemu ya myumbo huo inaondoka.

Lakini wote wakijibu maswali yote, kukata alama hakubadilishi nafasi ya mtu hata mmoja. Kila aliyepata zaidi ndiye aliyekosa kidogo, basi wa kwanza atabaki wa kwanza. Tofauti huletwa na maswali yaliyoachwa wazi tu. Na anayeacha si yule asiyejua peke yake. Yupo aliyekwisha kuondoa majibu mawili kati ya matano; akijibu, kwa wastani atapata sehemu ya sita ya alama kwa kila swali la namna hiyo, hata baada ya makato. Hofu inamzuia. Mwenzake mwenye ujuzi uleule lakini jasiri zaidi anazichukua.

Hofu hiyo ni tabia. Mtu huingia nayo kila chumba cha mtihani. Kwa hiyo inaweza hata kupandisha uthabiti huku uhalali ukishuka: tunapima vizuri kitu ambacho hatukukusudia kukipima. Hili linanisumbua kuliko yote, kwa kuwa takwimu nzuri ya uthabiti huwafanya watu wasiulize tena.

Nchini Marekani, mtihani wa SAT wa kuingia vyuo vikuu uliacha kukata robo alama mwaka 2016. India, JEE Main, mtihani wa kuingia vyuo vya uhandisi, hutoa alama 4 kwa jibu sahihi na kukata 1 kwenye maswali yenye majibu manne, makato ambayo hayatoshi hata kufuta faida ya kubahatisha kabisa. Naungana na walioacha kukata alama, na myumbo wa bahati upunguzwe kwa kuongeza maswali. Ila maelekezo yaseme waziwazi kwamba swali lolote lisiachwe, la sivyo mwenye hofu ataendelea kuacha nafasi tupu hata pale ambapo hakatwi chochote.