Quisqueya kwanza, Marichal nyuma yake

Mimi ni mtu wa kununa uwanja unapobadilishwa jina. Leo unaitwa hivi, kesho umeuzwa kwa benki. Lakini Estadio Quisqueya Juan Marichal, uwanja wa besiboli wa Santo Domingo, mji mkuu wa Jamhuri ya Dominika, umenishinda. Pale walifanya sawa.

Ulipofunguliwa mwaka 1955 uliitwa Estadio Trujillo. Wala usishangae, maana siku hizo hata jiji lenyewe lilikuwa Ciudad Trujillo, kwa jina la dikteta Rafael Trujillo aliyeishika nchi tangu 1930. Mei 30, 1961 akapigwa risasi, akafa. Jiji likarudishiwa jina lake la zamani, na uwanja ukapewa jina la Quisqueya, ambalo Wadominika huiitia nchi yao kwa mahaba. Wimbo wao wa taifa unaanza na watu wa Quisqueya. Neno Dominika humo hulikuti.

Juan Marichal, mrushaji mpira wa zamani wa besiboli, akaja kuongezwa mwaka 2015. Nasema kuongezwa, kwa sababu jina la nchi halikuguswa. La mtu limekaa nyuma yake.

Wengi wanamkumbuka Marichal kwa ule mguu wa kushoto. Kabla ya kurusha anaunyanyua mpaka kiatu kinapita kichwa, na mpigaji aliyeshika gongo hajui mpira utachomoka wapi. Ndiye Mdominika wa kwanza kuingia Jumba la Mashujaa wa besiboli Marekani, mwaka 1983. Sawa. Mimi kinachonikaa ni kisa cha ujana wake. Akiwa anaichezea timu ya kampuni ya matunda huko kwao Monte Cristi, aliifunga timu ya Jeshi la Anga, kipenzi cha Ramfis, mtoto wa Trujillo. Mara ikaja simu ya maandishi: njoo jeshini. Si kwenda kushika bunduki, ni kwenda kurusha mpira. Sasa uwanja uliobeba jina la baba unabeba jina la kijana aliyechukuliwa na mtoto.

Kuna kautata kadogo, lakini. Uwanja huu ni nyumbani kwa watani wa jadi wawili: Tigres del Licey, wa bluu, walioanza 1907, na Leones del Escogido, wekundu, wa 1921. Wakikutana, hakuna anayesafiri. Mwenyeji anajulikana kwa ratiba tu, na faida yake ni kupiga wa pili katika kila raundi. Na Marichal alikuwa mtu wa Escogido! Shabiki wa Licey anaingia kwake akipita chini ya jina la adui. Dawa wanayo: wanasema "Quisqueya" basi, hawamalizii.

Ati ni uwanja wa matumizi mengi pia. Mimi nisingeweka jukwaa la muziki juu ya nyasi ambazo mpira unatakiwa ubiringike bila kuruka ovyo, lakini kodi ya pango silipi mimi.

Msimu unaanza Oktoba. Mechi ya saa moja na robo jioni kule ni saa nane na robo usiku hapa kwetu, nami huitazama kwa simu, sauti chini, wenzangu wamelala. Nasahau kusema: mimi ni wa Licey.