Kabla ya kuchimba, tujue njia za Lubumbashi zinakutana wapi

Ndugu zetu walioko Ufaransa siku hizi wanatutumia video za stesheni mpya za metro, zilizochimbwa chini ya ardhi. Ya kwanza ni Saint-Denis–Pleyel, kaskazini mwa Paris, iliyofunguliwa tarehe 24 Juni 2024, mwezi mmoja kabla ya Olimpiki. Ya pili ni Villejuif–Gustave Roussy, upande wa kusini, iliyofunguliwa Januari 2025, yenye kina cha karibu mita 50. Zikifika hapa Lubumbashi, mji wa migodi katika Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, mabishano ni yaleyale: nasi tuchimbe stesheni kama hizo? Mmoja anasema: sisi tunaoilisha dunia shaba na kobalti tunabanana kwenye taksibisi za viti vilivyochanika, wao wanajenga majumba chini ya ardhi. Mwenzake anajibu: acha ndoto, hata umeme wa kupikia unakatika. Wote wawili wana hoja, ila wote wanabishania shimo, na shimo ni jambo la pili katika stesheni zile.

Jambo la kwanza ni makutano. Kwa muda mrefu Paris ilikuwa na fundo moja kubwa, Châtelet–Les Halles. Mahali hapo palikuwa soko la chakula la mji mzima. Soko likahamishiwa Rungis mwaka 1969, mabanda yakabomolewa, likabaki shimo kubwa katikati ya mji kwa miaka, na mwaka 1977 stesheni ikafunguliwa ndani yake. Treni za mikoani na za pembezoni, zile za RER A, B na D, zinasimama pale kwenye majukwaa yaliyopangwa sambamba, hivyo mtu anabadilisha treni kwa hatua chache. Hilo ni sifa yake. Aibu yake iko kwenye korido: ukitaka laini za metro za upande wa Châtelet, unatembea hadi unajiuliza kama hukupaswa kupanda juu na kwenda kwa miguu barabarani.

Kasoro kubwa zaidi haikuwa ndani ya jengo. Reli zote zilielekea katikati, kwa hiyo mkazi wa kitongoji cha kaskazini anayefanya kazi kitongoji cha jirani alilazimika kuingia Paris, kusukumana Châtelet, kisha kutoka tena. Mradi wa Grand Paris Express, kilomita 200 za reli mpya na stesheni 68, ulibuniwa kwanza kabisa kuvunja utaratibu huo. Laini ya 15 ni duara litakalozunguka mji. Pleyel imewekwa mahali ambapo duara hilo litakutana na laini za 14, 16 na 17, nje ya Paris yenyewe, katika eneo la viwanda vya zamani na watu wa kipato kidogo. Mbunifu wake, Kengo Kuma, amesifiwa kwa mbao alizozipanga ndani. Mimi namsifu zaidi aliyechagua kiwanja.

Sasa tazama Lubumbashi. Reli ilifika hapa mwaka 1910 ikitokea kusini, na Élisabethville, jina la zamani la mji huu, ikajengwa kwa ajili yake na kwa ajili ya shaba. Wabelgiji waliweka mji wa Wazungu upande mmoja, makazi ya Waafrika upande mwingine, na ukanda mtupu katikati kwa kisingizio cha afya. Kati ya komini, yaani mitaa, za Waafrika, Kamalondo ilitangulia, zikafuata Kenya (mtaa, si nchi), Katuba, Ruashi. Kila komini ilipewa njia ya kumpeleka mfanyakazi kwa bwana wake asubuhi na kumrudisha jioni. Njia ya kumpeleka mtu wa Katuba kwa shangazi yake Ruashi haikumhusu mpanga mji. Zaidi ya miaka mia imepita, mji una watu zaidi ya milioni mbili, na mama mwenye beseni la mboga bado anapitia mjini, anashuka, anavuka barabara, anatafuta gari lingine na kulipa upya.

Kwa hiyo tunaposema tunataka kituo kikuu cha kisasa, wengi tunakiwaza palepale mjini, karibu na stesheni ya SNCC, shirika la reli la taifa, au posta kuu. Hapo ndipo ningeomba tusimame kwanza. Kituo kikubwa katikati kingefanya vizuri zaidi kosa lilelile. Kingewakusanya watu wote mahali pamoja kwa mpangilio mzuri, badala ya kuwapunguzia haja ya kupita hapo. Paris ilihitaji karibu miaka 40 baada ya Châtelet kuanza kurekebisha hilo.

Baada ya hapo, tuje kwenye shimo lenyewe, maana wanaolitaka si wajinga. Hoja yao ya kwanza ni muda. Treni ya chini haisubiri askari wa barabarani wala lori la madini linalokwenda mpakani Kasumbalesa. Ya pili ni ardhi: katikati ya mji majengo ya biashara yanaota kila robo mwaka, na kesho hakutakuwa na kiwanja cha kuegesha hata bisi kumi. Ya tatu naipenda, kwa sababu ni ya hapa hapa: kwamba Katanga inajua kuchimba. Wahandisi wetu, mafundi wetu, hata wajukuu wao, wamekulia kwenye lifti za mashimo. Kama kuna mji wa Kongo usiopaswa kuogopa handaki, ni huu.

Hoja hiyo ya tatu inakwenda pande zote mbili. Anayejua migodi anajua pia kwamba kuchimba ni gharama ya mara moja, na maji ni gharama ya kila siku. Kipushi iko kilomita 30 tu kutoka hapa. Mgodi wake ulianza miaka ya 1920, ukasimamishwa mwaka 1993, na kwa miaka mingi kazi kubwa iliyobaki ilikuwa kuendesha pampu. Mwaka 2011 pampu kuu zikashindwa, maji yakapanda mamia ya mita ndani ya shimo, na kuyatoa ikawa kazi ya miaka. Uzalishaji ulirudi Juni 2024, mwezi uleule Pleyel ilipofunguliwa. Mgodi unaweza kuvumilia mambo hayo, kwani zinki itakusubiri chini. Abiria hawasubiri.

Na tusidhani ni tatizo la nchi maskini. Wafanyabiashara wetu wanaokwenda Johannesburg kwa bisi kupitia Zambia wanaijua Park Station. Chini yake kuna stesheni ya Gautrain, treni ya kasi ya huko. Treni hiyo ilianza Juni 2010, siku chache kabla ya Kombe la Dunia, lakini kipande cha mwisho, kutoka Rosebank hadi Park, kilichelewa hadi Juni 2012 kwa sababu maji yalikuwa yakivuja ndani ya handaki. New York ilifungua stesheni mpya ya South Ferry mwaka 2009. Kimbunga Sandy kikaijaza maji ya bahari Oktoba 2012, na haikurudi kazini hadi 2017. Sisi hatuna bahari, lakini anayeishi hapa anajua mvua ya Januari inavyofanya mitaa ambayo mifereji yake imezibwa na chupa za plastiki. Mlango wa stesheni ya chini ni mahali pa kwanza maji hayo yangeshuka.

Kuna pia moto na hewa. Tarehe 18 Novemba 1987, katika stesheni ya King's Cross, London, moto ulioanzia chini ya ngazi za umeme zilizojengwa kwa mbao uliua watu 31. Tangu hapo sheria zimekazwa: vifaa visivyoshika moto, mashine za kutoa moshi, njia za ziada za kutokea. Mashine hizo zinahitaji umeme usiokatika. Stesheni ya mita 50 chini ya ardhi bila umeme haiwi stesheni iliyolala tu. Ni hatari kwa waliomo. Nikiwaza mgao wa SNEL, shirika letu la umeme, sioni jenereta ninayoweza kuiamini kiasi hicho.

Kuhusu fedha nitasema machache tu, maana hesabu inajieleza. Grand Paris Express inagharimu zaidi ya yuro bilioni 30. Bajeti ya Kongo nzima ya mwaka 2024, shule, jeshi, hospitali na mishahara ndani yake, ilikuwa kama dola bilioni 16.

Hata huko kwenye fedha, Pleyel ina wakosoaji wake. Siku ya kufunguliwa, jengo lililopangwa kwa laini nne lilihudumiwa na moja tu, ile ya 14. Ghorofa nzima zilikuwa zikisubiri treni za miaka ijayo. Kuna wanaoona huo ni ufahari. Wengine wanajibu kwamba ni akili, kwa sababu kurudi kupanua stesheni ya chini huku watu wanapita ni kazi ya gharama kubwa na mateso kwa abiria. Mimi nasimama na hao wa pili, kwa sharti moja: laini zinazosubiriwa ziwe zimeshalipiwa na zinachimbwa kweli, kama zilivyo zile. Sharti hilo lisipotimia, unapata San Francisco. Kituo cha mabasi cha Salesforce kilifunguliwa Agosti 2018 na chumba kikubwa cha treni chini yake. Mwezi uliofuata kikafungwa kwa nyufa kwenye mihimili ya chuma, kikafunguliwa tena Julai 2019, na kile chumba cha chini kikabaki bila reli. Bustani iliyo juu ya paa inapendwa sana, nasikia. Lakini hakuna aliyeomba bustani ya bei ile.

Kuna kipande kimoja cha Pleyel ambacho video huwa zinakiruka, na ndicho ningekileta Lubumbashi kesho. Karibu na stesheni kuna rundo la reli za zamani lililokuwa limegawa eneo zima mara mbili, na treni za RER D zinasimama upande wa pili. Walichofanya ni kujenga daraja la watu juu ya reli hizo. Halina kina wala fahari. Unatembea dakika kadhaa, juani au mvuani, na wapo wanaolalamika kwamba muunganisho wa kweli usingewalowesha. Nawaelewa. Ila daraja hilo limeunganisha pia mitaa miwili ambayo ilikuwa haionani, na anayelitumia halazimiki hata kununua tikiti. Miji iliyokatwa na reli kama wetu inaweza kujifunza zaidi hapo kuliko kwenye lifti.

Suala la tikiti nalo ni sehemu ya ubunifu, ingawa halionekani kwenye picha. Tangu Januari 2025, tikiti moja ya bei ileile, iliyoanza kwa yuro 2.50, inakuchukua kwa metro na treni katika mkoa mzima wa Paris isipokuwa viwanja vya ndege, ukibadilisha laini unavyotaka. Hapa kwetu, kubadilisha gari ni adhabu ya mfuko. Tena saa za jioni shofere anaikata njia moja vipande viwili, anawashusha watu katikati, anageuza, na safari ya bei moja inakuwa ya bei mbili. Mtu akijenga stesheni ya marumaru bila kugusa jambo hilo, atakuwa amewapa watu mahali pazuri pa kulipia mara ya pili.

Je, basi jibu ni kujenga juu? Naegemea huko, lakini juu ya ardhi si kinga ya kila kitu. Dar es Salaam walianza mabasi yaendayo haraka mwaka 2016, wakaweka karakana yake Jangwani, kwenye bonde la mto Msimbazi. Mafuriko yakaifuata humo mara kwa mara. Hakuna aliyechimba handaki lolote. Walichagua mahali pabaya. Na anayekataa kuchimba amejitwisha deni jingine: lazima atenge kiwanja leo. Vituo vitatu vya kawaida vyenye paa, taa za jua, vyoo na nafasi ya motari, yaani bodaboda, vikiwekwa pale njia za makomini zinapoweza kukutana bila kuingia mjini, vinahitaji ardhi ambayo haijauzwa bado. Kila kibanda kinachogeuka duka la zege kando ya reli kinatusogeza kwenye siku ambayo shimo litakuwa njia pekee iliyobaki, na siku hiyo wale wanaotaka shimo watakuwa wameshinda bila kujenga hoja.

Iko pia hesabu ya shofere mwenyewe, ambayo wapanga miji huikwepa. Gari si lake. Kila jioni anamkabidhi mwenye gari kiasi kilichopangwa, apate abiria asipate, na kinachobaki ndicho chakula cha watoto. Kwa mtu huyo, kuingia kituoni, kupanga foleni na kuondoka kwa saa maalum na viti vitatu vitupu ni hasara anayoihesabu kwa faranga. Atasimama mita mia mbili kabla ya geti, atajaza gari barabarani na kuondoka, na abiria watamfuata huko kwa sababu ndiko gari liliko. Ndiyo maana ningeanza mazungumzo na wenye magari na chama cha mashofere kuhusu malipo hayo ya jioni kabla ya kumwita mchoraji yeyote, awe wa Paris au wa Kinshasa.