Krapfen, Buchteln, Linzer Augen: tazama donge kwanza, jina baadaye

Agiza Pfannkuchen jijini Berlin, utaletewa kitu cha mviringo kilichokaangwa kama andazi, jemu ndani. Agiza hiyohiyo sehemu nyingi nyingine za Ujerumani, utaletewa chapati ya maji. Lile andazi la Berlin huko wanaliita Berliner, jimbo la Hesse ni Kreppel, jimbo la Bavaria na nchi ya Austria ni Krapfen. Kwa hiyo anayejifunza vitafunwa hivi kwa majina anajitafutia maudhi. Jemu nayo haisaidii sana: Vienna hupenda aprikoti, kwingine ni stroberi au plamu, na wakati wa kanivali mzaha wa kawaida ni kuficha andazi moja lenye haradali kati ya mengine. Kinachosema ukweli ni donge: lina hamira au halina?

Krapfen ina hamira na viini vingi. Kwa nusu kilo ya unga wa ngano weka maziwa vuguvugu mililita 200, viini 5, siagi gramu 80, sukari gramu 60, hamira kavu gramu 7, chumvi nusu kijiko cha chai na maganda ya limau yaliyokwaruzwa. Kanda mpaka donge liache kunata, liumuke, kisha kata vidonge vya gramu 50, viviringe na uviache viumuke tena. Bonyeza kwa kidole: shimo likirudi polepole, tayari.

Mafuta yawe nyuzi 170. Upande uliokuwa juu utangulie kuzama, kisha funika sufuria dakika mbili au tatu ili mvuke uuvimbishe mgongo. Geuza, malizia bila kifuniko. Ukipatia, kila moja itakuwa na mkanda mweupe kiunoni, na huo ndio utambulisho wake. Donge jepesi huelea juujuu, kwa hiyo sehemu ya katikati haiguswi na mafuta. Lisipoumuka vya kutosha huzama zaidi na mkanda hupotea. Likiumuka kupita kiasi hunywea na kukunjamana likipoa. Mafuta yakichemka mno, nje huwa kahawia na ndani unga mbichi. Jemu huingizwa baada ya kukaanga, kwa bomba la kupambia keki. Ichuje kwanza, maana kipande kimoja cha tunda kinatosha kuliziba.

Buchteln ni ndugu yake, asili yake Bohemia, eneo lililo Czech ya leo, lakini hii hujazwa ikiwa mbichi na kuokwa. Hapo jemu ya majimaji ni balaa: huchemka, hupasua mshono na kuungua kwenye trei. Ndiyo maana hutumika Powidl, plamu zilizopikwa kwa saa nyingi, kwa desturi bila sukari, mpaka zikawa nzito kiasi cha kusimama kwenye kijiko. Chovya kila donge kwenye siagi iliyoyeyuka, panga yakigusana, mshono chini, oka nyuzi 180 kwa nusu saa hivi. Yakiachanishwa, ubavu huwa mweupe na laini.

Upande usio na hamira kuna Linzer Torte, keki ya jemu yenye lozi au hazelinati za kusaga, mdalasini na wavu wa unga juu. Mapishi yake yaliyoandikwa 1653 yamehifadhiwa kwenye abasia (nyumba ya watawa) ya Admont, Austria.

Linzer Augen ni biskuti mbili zilizobanana, ya juu ina matundu matatu. Hesabu yake ni rahisi: sukari gramu 100, siagi baridi 200, unga 300, na kiini kimoja. Adui ni joto la mikono. Siagi ikiyeyuka, donge hung'aa mafuta na kumeguka ukilisukuma. Kuongeza unga, kama wengi wanavyofanya, hulizidishia ukavu. Ute wa yai baridi kidogo hulirudisha. Lipumzishe kwenye friji saa moja, sukuma unene wa milimita 3, oka nyuzi 175 dakika 8 hadi 10, uzitoe kabla hazijawa kahawia.

Nyunyizia sukari ya unga zile zenye matundu kabla ya kuunganisha, la sivyo itaangukia jemu na kuyeyuka. Jemu ipashwe moto, iwe ya Ribisel, vitunda vyekundu vichachu. Tamu juu ya tamu inachosha. Siku ya kwanza biskuti hizi ni ngumu. Ziache kwenye kopo lililofungwa siku mbili tatu, unyevu wa jemu uzilainishe, ndipo uziweke mezani.